Malaria Inayojificha Kwenye Kondo la Nyuma

Mjamzito anaweza kuamka hana homa, akaenda shamba, akapimwa damu ya kidoleni na kuambiwa hana malaria, kumbe vimelea vimejaa kwenye kondo la nyuma. Sayansi imekwisha kueleza jambo hili linavyotokea.

Kondo huanza kujengeka takriban wiki moja baada ya mimba kutungwa, kiinitete kinapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Huota vijinyuzi vingi vinavyosimama ndani ya damu ya mama kama mizizi ya mikoko wakati wa maji kujaa. Hapo ndipo mtoto anapopatia oksijeni na chakula, ingawa damu yake na ya mama kwa kawaida hazichanganyiki.

Waliochunguza makondo kwa hadubini baada ya kujifungua waliona chembe nyekundu za damu zenye vimelea zimerundikana humo. Mwaka 1996, utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha sababu: chembe hizo hunata kwenye aina ya sukari iliyo juu ya vijinyuzi. Zikishanata, hazizunguki mwilini, na kipimo cha kidoleni huweza kuzikosa.

Mwanamke aliyekulia Kanda ya Ziwa au Pwani huwa na kinga fulani ya malaria. Lakini kinga dhidi ya vimelea vya kondo hujengeka mimba hadi mimba. Kwa hiyo mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa: mama hupungukiwa damu, na mtoto huweza kuzaliwa njiti, kuwa na uzito mdogo au hata kufia tumboni.

Hii ndiyo sababu kliniki humpa mjamzito, hata asiyeumwa, vidonge vya kukinga malaria viitwavyo SP, baada ya miezi mitatu ya kwanza, kila dozi ikipishana na nyingine kwa angalau mwezi. Anayetumia dawa ya kotrimoksazoli hapewi SP, basi amweleze mhudumu. Tena, vimelea vya Afrika Mashariki vimeanza kuizoea SP. Chandarua chenye dawa bado ni cha lazima, na homa ipimwe mapema.

Chanjo ya kuzuia mnato huo imefikia majaribio ya awali tu, hivyo isingojewe. Kinga iliyopo leo iko kliniki, na anayeihitaji zaidi ni binti mwenye mimba ya kwanza, ambaye pengine anaona haya kwenda. Asindikizwe.