Ploti ya kukodisha Kisumu: piga hesabu kabla ya kuchimba msingi

Ukiwa na akiba kidogo hapa Kisumu, hutakosa mtu wa kukuambia ujenge bedsita. Kodi inaingia kila mwezi, atakwambia, wewe umelala tu. Ni kweli inaingia. Swali ni inabaki ngapi, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hesabu waliyopiga ni ya nyumba zote zikiwa zimejaa miezi yote kumi na miwili.

Wacha tupige hesabu moja pamoja. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme una bedsita 10, kila moja Sh6,000 kwa mwezi, na ardhi pamoja na ujenzi vimekugharimu Sh5 milioni. Kwenye karatasi unapata Sh720,000 kwa mwaka, yaani asilimia 14.4 ya pesa ulizoweka. Inavutia, si ndiyo?

Sasa tuanze kutoa. Wapangaji huhama. Kila nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, unabaki na Sh660,000. Ushuru wa KRA ni asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, kwa hivyo Sh49,500 zimeenda. Mtu wa kutunza ploti ukimlipa Sh8,000 kwa mwezi ni Sh96,000. Stima ya nje na maji ya matumizi ya wote, Sh3,000 kwa mwezi, ni Sh36,000. Rangi, vitasa, bomba zilizopasuka na lori la kunyonya choo, weka Sh60,000, na usishangae zikizidi. Mwisho wa mwaka umebaki na Sh418,500. Hiyo ni kama asilimia 8.4, si 14.4 tena.

Si biashara mbaya kama pesa ni zako. Lakini wengi wetu tunajenga kwa mkopo, na mkopo hausubiri mpangaji apatikane. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio. Ukichukua Sh3 milioni za kulipwa kwa miaka 5, makato yatakuwa karibu Sh66,700 kila mwezi. Ile ploti yetu inaleta wastani wa Sh34,900. Kwa hivyo kila mwezi unatafuta zaidi ya Sh31,000 kutoka kwa mshahara au duka, na siku ukishindwa, wanaopigiwa simu ni wadhamini wako: wenzako wa kazini, pengine shemeji yako. Ndiyo maana tunapenda njia ya pole pole ambayo wazee wengi wa mji huu walitumia. Jenga nyumba nne kwanza, zijaze, kisha ongeza. Majirani watasema umekwama. Waache waseme.

Kuhusu mahali, anza na mpangaji kabla ya kuangalia shamba. Anayefanya kazi mjini au soko la Kondele anataka kutembea au kulipa nauli ndogo, ndiyo maana vyumba vya Manyatta na Nyalenda havikosi watu. Ukijenga karibu na chuo, mfano Maseno, nyumba zitajaa haraka, lakini wanafunzi wakifunga chuo miezi kadhaa, nani atalipa? Riat kuna hewa safi na mandhari ya ziwa, ila uliza kwanza kama maji ya Kiwasco yanafika na kama barabara inapitika mvua ikinyesha. Mpangaji hakai mahali anaponunua maji kwa mtungi kila siku, hata kama ziwa analiona dirishani.

Na hilo ziwa lenyewe tusilisahau. Mei 2020 maji ya Nam Lolwe yalipanda kupita hata rekodi ya 1964. Dunga na sehemu nyingine za ufuo, maji yaliingia mpaka ndani ya nyumba na watu wakahama. Ploti ya karibu na ufuo ikiuzwa bei ya chini ajabu, usifurahie bei tu. Tafuta mzee aliyezaliwa pale, umuulize maji yalifika wapi mwaka huo, halafu usimame mahali atakapokuonyesha. Mwambie fundi pia aangalie udongo. Tambarare za kuelekea Kano zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi wake hula pesa kabla hujaweka hata tofali moja juu.

Karatasi nazo zina mambo. Manyatta na Nyalenda zilikuwa ardhi za koo kabla mpaka wa mji kupanuliwa miaka ya 1970, na hadi leo unaweza kukuta anayekuuzia ni mjukuu, huku hatimiliki ikiwa na jina la babu aliyefariki zamani. Hapo usitoe hata shilingi ya "kushika shamba" mpaka uone uamuzi wa korti kuhusu mirathi. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kama ni ardhi ya kilimo nje ya mji, lazima bodi ya kusimamia ardhi itoe idhini, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Tenga pia ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Broka hatakukumbusha haya.

Ukishapata wapangaji, kodi yote ipitie simu, kwenye namba ya biashara iliyo mbali na namba yako ya kawaida, na kila mpangaji aandike namba ya nyumba yake kama akaunti. Tarehe 6 utajua ni nani hajalipa bila kugonga mlango wa mtu. Dipoziti iweke kando kabisa, hiyo ni pesa ya mpangaji. Rekodi hiyo hiyo ndiyo utakayotumia kwa KRA: kodi yako ikiwa kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, unawasilisha na kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi ambao hukupokea kitu, bado unawasilisha, ukijaza sufuri.