AC ya gari ina AUTO? Kabla ya kuongeza gesi, soma hapa kwanza

Saa nane mchana Dar. Gari lilikuwa juani tangu asubuhi, unaingia, unawasha AC na fasta unashusha namba hadi nyuzi 18 ili lipoe haraka.

Halipoi haraka zaidi. Kwenye gari lenye AUTO, ile namba si kasi ya ubaridi, ni joto unalotaka liwe ndani. Gari likiwa limechemka, ukiweka 18 au 24 kompyuta inafanya kitu kilekile: ubaridi wote, feni kwa nguvu. Tofauti utaiona baadaye, likikaribia 24.

Mfumo huu si wa jana. Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye AC ya kujirekebisha yenyewe mwaka 1964. Leo unaikuta kwenye Harrier na Crown nyingi zinazotoka Japani zikiwa zimeshatumika.

Sasa kompyuta inajuaje kama kuna joto? Ina sensa kadhaa. Moja iko nyuma ya bampa la mbele, inapima hewa ya nje. Nyingine iko karibu na usukani, nyuma ya vitundu vidogo ambavyo wengi hatujawahi kuviangalia. Hiyo inavuta hewa ya ndani na kuipima. Juu ya dashibodi kuna kidude cheusi cha mviringo, ni sensa ya jua. Na kuna nyingine imejificha ndani kabisa, kwenye sehemu inayopoza hewa. Yenyewe inazima kompresa kabla maji hayajaganda na kuziba njia ya hewa.

Kompyuta ikishapata taarifa hizo, inaamuru mota ndogo zilizo nyuma ya dashibodi. Mota hizo zinafungua na kufunga vilango: hewa ya baridi kiasi gani, ya moto kutoka kwenye hita kiasi gani, itokee usoni au miguuni. Ukisikia "tik tik tik" nyuma ya dashibodi kila ukibadilisha joto, mara nyingi ni gia ya plastiki ya mota mojawapo imekatika meno.

Hapa ndipo hela za watu zinapopotea. AC ikianza kuleta hewa ya uvuguvugu, jibu la kwanza mtaani ni "gesi imeisha, tuongeze". Lakini gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka humohumo kwenye mabomba. Inaweza kupungua taratibu sana kwa miaka, ila kama unaongeza kila baada ya miezi miwili, kuna sehemu inavuja. Mwambie fundi atafute tundu kwanza.

Na wakati mwingine gesi ipo ya kutosha, kompyuta ndiyo imedanganywa. Umetandika kapeti la manyoya kwenye dashibodi, au umeweka boksi la tishu juu ya kile kidude cheusi? Gari linaamini hakuna jua. Vile vitundu vya karibu na usukani vikijaa vumbi, inapimwa hewa iliyotuama badala ya hewa uliyokaa nayo wewe. Bampa likigongwa na waya wa sensa ukakatika, baadhi ya magari yanadhani nje kuna baridi kali na kompresa inagoma kuwaka. Ongeza gesi mpaka uchoke, hapo hakuna kitakachobadilika.

Kwa wenye Toyota kuna kipimo cha bure. Kwenye modeli nyingi zenye AUTO, shikilia kwa pamoja kitufe cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha washa swichi. Taa zitawaka na kuzima mara kadhaa, halafu kioo kitaonyesha namba. 00 maana yake mfumo haujaona tatizo. 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya sehemu inayopoza, 21 ya jua. Piga picha hiyo namba, mpelekee fundi kabla hajafungua mtungi wa gesi.

Ila ukipima usiku au ndani ya gereji, 21 inaweza kutokea hata kama sensa ni nzima, kwa sababu haioni mwanga. Toa gari juani kwanza, ndio upime.