Matatizo ya haiba sasa yapimwa kwa uzito

KWA miaka mingi, daktari wa magonjwa ya akili aliyempokea mtu anayedhaniwa kuwa na tatizo la haiba alitakiwa kujibu swali moja: analo au hana? Tangu Januari 1, 2022, ulipoanza kutumika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uitwao ICD-11, swali limekuwa: analo kwa kiwango gani?

Tatizo la haiba ni hali ya muda mrefu ambapo namna mtu anavyojiona, anavyohisi na anavyohusiana na wenzake humletea mateso au huvuruga kazi, ndoa na urafiki wake.

Mfumo wa zamani huyagawa matatizo hayo katika makundi yenye majina. Mwongozo wa Marekani, DSM, una makundi 10. Mojawapo ni bodalaini, tatizo la hisia zisizotulia na hofu ya kuachwa, ambalo huthibitishwa kwa dalili tano kati ya tisa.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba wagonjwa wawili wanaweza kupewa jina moja huku wakifanana kwa dalili moja tu. Mwenye dalili nne huambiwa hana bodalaini, hata kama maisha yamemwelemea.

ICD-11 hupima kwanza uzito wa tatizo: mdogo, wa kati au mkubwa. Kisha daktari anaweza kuongeza sifa zinazojitokeza kati ya tano: wingi wa hisia chungu, kujitenga, kutojali wengine, kutenda kwa pupa na kung'ang'ania ukamilifu.

Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakupokewa na wote. DSM-5, iliyochapishwa Mei 2013, ilibakiza makundi 10 na kuuweka mfumo wa vipimo katika sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Wapo pia waliohofia kwamba kuifuta bodalaini kungewanyima wagonjwa tiba zilizobuniwa kwa ajili yake. Kutokana na hoja hizo, ICD-11 iliihifadhi kama maelezo ya nyongeza.

Kwa mgonjwa, jina huweza kumganda maisha yake yote na kumfanya aogopwe. Kiwango huweza kushuka, na kinaposhuka, yeye na daktari wake huona kwamba tiba inasaidia.