Homoni na Usingizi: Saa ya Mwili wa Kijana

Makala haya yananuia kueleza jinsi homoni zinavyoutawala usingizi, na jinsi usingizi nao unavyozitawala homoni. Mfano wetu tumeuteua Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya vilima na mashamba ya chai.

Nyaramba iko chini ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Hivyo basi mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na huanza upya linapotua. Mwili nao hufuata hesabu iyo hiyo. Giza linapoingia, macho huupasha ubongo habari, na tezi ndogo iliyo ndani yake huanza kumwaga melatonini katika damu. Homoni hii ilitambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Melatonini haimwangushi mtu usingizini kama dawa ya kulevya. Kazi yake ni ya mpiga mbiu anayetangaza kuwa usiku umeingia. Karibu na alfajiri melatonini hupungua, nayo kotisoli hupanda ili kuuandaa mwili kwa kazi za mchana.

Usingizi nao una zamu yake ya kutawala. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Aidha, asiyelala vya kutosha, insulini yake hudhoofika katika kazi ya kudhibiti sukari mwilini.

Sasa tumtazame mwanafunzi wa sekondari. Katika umri wa kubalehe, melatonini huchelewa kupanda. Kwa hiyo kijana hapati hata lepe la usingizi wakati wazazi wake wanasinzia. Taa na simu huichelewesha zaidi. Akiongeza kikombe cha chai, kafeini, ambayo si homoni, huizuia adenosini, kemikali inayoujulisha ubongo kuwa umechoka. Akilala saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri ili adurusu, amelala kwa muda wa saa 5 tu, ilhali umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. Darasani husinzia, nasi humwita mvivu, kumbe mwili wake ungali usiku.

La kusikitisha zaidi ni kwamba ubongo huyaimarisha yale uliyojifunza wakati wa usingizi. Anayeupunguza usingizi ili asome zaidi ni kama mchumaji chai anayechuma kwa bidii kutwa nzima katika kikapu kilichotoboka.

Kwa kutamatisha, ni bora taa izimwe mapema, chai inywewe kabla ya jioni, na kengele ya alfajiri isogezwe mbele. Kulala si adui wa elimu. Ni sehemu ya somo lenyewe.