Picha ya ubongo si picha: Kwa nini watafiti wafunzwe sayansi ya data

Msomaji mmoja wa Voi ameniuliza: “Profesa, nasikia eti watafiti wa ubongo siku hizi wanasomea sayansi ya data. Ubongo na bando za simu vinahusiana vipi?”

Msimcheke. Mitaani, ‘data’ ni intaneti ya simu. Ikiisha, mtu hununua nyingine. Katika utafiti, data ni taarifa ghafi: vipimo, majibu, rekodi. Takwimu ni hesabu tunazopata baada ya kuzijumlisha na kuzilinganisha taarifa hizo. Sayansi ya data, basi, ni ujuzi wa kukusanya, kusafisha, kuchambua na kuhifadhi taarifa nyingi kwa kompyuta.

Neno jingine linalotupotosha ni ‘picha’. Mgonjwa akiambiwa akapigwe picha ya ubongo, hudhani ni kama ile ya kitambulisho. Mashine ya MRI haina kamera. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, ikapokea ishara hafifu kutoka kwa haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Kompyuta hugeuza ishara hizo kuwa namba, kila namba na kijisehemu chake cha ubongo, pengine cha milimita moja kila upande. Kichwa kimoja huleta mamilioni ya namba. Tunachokiita picha ni namba zilizotiwa rangi.

Wachimbaji wa vito kule Kasigau watanielewa. Changarawe ni nyingi, tsavoraiti ni chache, wala si kila kipande cha kijani ni tsavoraiti. Asiyejua kuchambua ataibeba chupa iliyovunjika akidhani amepata mali.

Watafiti nao wamewahi kuonywa. Mwaka 2009, Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu. Samaki mwenyewe alikuwa amekufa! Ukipima maelfu ya vijisehemu kwa mpigo, vichache vitaonekana vimebadilika kwa bahati tu. Bila kusahihisha hesabu kwa ajili ya bahati hiyo, ubongo wa samaki yule ulionekana unafanya kazi. Hesabu iliposahihishwa, dalili zote zikatoweka.

Ndiyo maana kuna mafunzo maalum. Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kimekuwa kikiandaa Neurohackademy, mafunzo ya wiki mbili. Neuromatch Academy, iliyoanza 2020, hufundisha kupitia intaneti, hivyo hata mwanafunzi aliye Chuo Kikuu cha Taita Taveta hahitaji kupanda ndege. Katika mafunzo ya aina hii watu hujifunza kuandika programu, kupanga data kwa utaratibu unaoeleweka, na kuweka wazi kila hatua ili mwingine aweze kuirudia.

Yatufaa nini? Chukua malaria, ile tunayosema ‘imepanda kichwani’. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa 2015, uliwapima kwa MRI watoto 168. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipolazwa. Kati ya 143 walionusurika, waliokuwa na uvimbe huo ni 39. Ulinganisho huo ndio uliowaonyesha madaktari mahali pa kutafuta tiba. Picha moja pekee isingewaambia hayo.

Sasa mfikirie mama wa Voi au Mwatate anayetia sahihi fomu ili mwanawe mwenye kifafa aingizwe katika utafiti. Akiambiwa tu, “Tutampiga mtoto picha,” hajaambiwa yote. Namba za ubongo wa mtoto zitahifadhiwa, zitachambuliwa, na huenda zikavuka mipaka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujua zitatumiwaje. Mtafiti asiyeweza kumweleza hayo kwa Kiswahili, au kwa Kidawida, hata awe hodari namna gani wa kompyuta, mafunzo yake hayajakamilika.