BAISKELI KATIKA BARABARA YA LAMI



Katika familia nyingi za parokia zetu, baiskeli ndiyo inayopeleka mpunga mashineni, mama kliniki na mtoto shuleni. Hatuandiki kuikataza. Tunaandika kwa sababu barabara zimebadilika, nasi bado tunaendesha kama zamani. Katika barabara ya vumbi, mashimo yalimlazimisha dereva kupunguza mwendo, na vumbi lilitangulia kututangazia kwamba gari linakuja. Leo kuna lami kutoka Mpanda hadi Sitalike, na nyingine yatoka Tabora kupitia Koga. Basi halitangulizi vumbi tena; unashtukia limefika.

Tufanye hesabu ndogo. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukifanya Ishara ya Msalaba taratibu, kwa sekunde 3 hivi, gari hilo limekwisha kupita mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anayeingia barabarani ghafla ili kukwepa shimo au mbuzi hawezi kuokolewa hata na dereva mwema. Breki za gari zinahitaji nafasi, na nafasi haipo.

Basi tuzingatie haya:

1. Tuendeshe upande wa kushoto, kwenye bega la barabara, mmoja nyuma ya mwingine. Kuongozana wawili wawili kwa mazungumzo tukuache.

2. Kabla ya kukata kulia, tutazame nyuma na kunyoosha mkono. Kama gari linakuja, tushuke, tusubiri lipite, ndipo tuvuke kwa miguu.

3. Lori au basi likipita karibu, upepo wake husukuma kisha huvuta. Tushike usukani kwa mikono miwili. Mwenye mzigo mzito ashuke pembeni mpaka lipite.

4. Gunia la mkaa lililofungwa kwa upana humpunguzia dereva nafasi ya kupita. Mzigo ufungwe kwa urefu, usizidi mabega ya mwendeshaji.

5. Jioni, alfajiri, na wakati wa moshi wa kiangazi, dereva haoni nguo nyeusi. Tuvae nguo nyeupe au ya njano, tuweke taa mbele, na nyuma kioo chekundu kinachorudisha mwanga.

6. Breki na kengele zikaguliwe kila wiki. Breki ya kusimamisha kwa ndala si breki.

7. Aliyekunywa pombe aikokote baiskeli, au alale alikofikia.

Kofia ngumu hupunguza majeraha makubwa ya kichwa kwa zaidi ya nusu. Mwenye uwezo amnunulie kwanza mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli.

Akina mama, kuna ajali isiyohitaji gari. Mtoto aliyekaa kwenye keria huingiza kisigino katika spoku, na ngozi huchunika mpaka kwenye mfupa. Kidonda hicho huchukua wiki nyingi kupona. Mtoto avae viatu, na pande zote mbili za gurudumu la nyuma zizibwe kwa ubao mwembamba au wavu. Khanga nayo ifungwe vizuri isinaswe na cheni.

Ajali ikitokea, kwanza tuzuie magari mengine yasimgonge majeruhi tena. Tusimwinue kwa kumvuta mikono, maana shingo huenda imevunjika. Tumbebe watu kadhaa, kichwa na mwili vikienda pamoja. Damu inayotoka tuikandamize kwa kitambaa safi. Tusiweke majivu wala mafuta, wala tusimpe maji aliyezimia. Fomu ya polisi afuatilie ndugu mmoja, huku majeruhi akiwahishwa hospitali.

Aliyegonga kichwa anaweza kusimama, akacheka, akaenda nyumbani, na usiku damu ikaendelea kuvuja ndani ya fuvu. Tumwangalie kwa siku 2 hivi. Akitapika, akiumwa kichwa kikali, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, au akitokwa na maji maji puani au masikioni, apelekwe hospitali saa ile ile. Tusiseme, "Tumwache alale, kesho atakuwa mzima."

Hatimaye tunasema na madereva, ambao nao ni waumini wenzetu. Katika maeneo ya makazi, mwendo wa juu kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha ya watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia kubwa. Tunapoungama, tukumbuke na usukani wetu.

Wazazi, Jumapili hii baada ya Misa, igeuzeni baiskeli ya nyumbani juu chini, mkague breki, taa na spoku pamoja na watoto. Kazi hiyo ni ya nusu saa tu.

Mungu awalinde njiani.