Dai Si Hoja, na Dhana Si Yakini

Kila nikaapo barazani baada ya Alasiri, nalisikia neno "hoja" likitajwa. Mmoja husema, "Hoja yangu ni kuwa fulani amekula pesa za wakfu." Hiyo, ndugu msomaji, si hoja. Hilo ni dai. Na jina la mtu laweza kuharibika kwa kutojulikana tofauti ya maneno haya mawili.

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya kupimia usemi. Mengi tuliyapokea kutoka Kiarabu, na waliosoma chuoni wazijua asili zake. Dai ni jambo mtu alisemalo akataka likubaliwe. Hoja ni sababu anayoitoa ili likubaliwe. Dalili, ambayo kwa asili ni kiongozi wa njia, ni alama ituelekezayo kwenye jambo tusiloliona. Ushahidi ni habari ya aliyeona mwenyewe, au hati inayothibitisha. Dhana ni kukisia. Yakini ni kujua pasi na shaka. Na natija ni lile linalopatikana baada ya yote hayo kupimwa.

Sasa turudi kwa yule aliyeshutumiwa. Ukiuliza, "Mumejuaje?" utajibiwa, "Amenunua pikipiki mpya." Haya, pikipiki yaweza kuwa dalili, lakini dalili ya nini? Pengine amerithi, pengine amekopa, pengine amechuma kwengine. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; hawakusema kila wingu ni mvua. Ushahidi umo katika daftari la wakfu: kodi za nyumba zilizopokewa, risiti, na matumizi yaliyoandikwa. Mpaka daftari lifunguliwe, tulicho nacho ni dhana, na Sura Al-Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi.

Hapo mwengine atataka kuyakata maneno kwa kusema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani." Methali hupamba hoja, lakini haishiki nafasi ya ushahidi. Kadhi hamhukumu mtu kwa methali. Kanuni ya fikihi ni kuwa mdai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi, na anayekana hula kiapo. Mdai na dai ni maneno ya shina moja. Ajitwikaye dai, na ajitwike mzigo wake.

Haya si mageni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitaka kuzitengeneza hali za Waislamu wa pwani, na silaha yake ilikuwa kalamu na hoja.

Basi tuwafunze vijana wetu maswali matatu: Wadai nini? Kwa hoja gani? Ushahidi u wapi? Aulizaye hivyo hamvunjii mtu heshima. Anamhifadhia heshima yake yule asiyekuwapo barazani.